Msiandike "tamasha la familia" kama familia za hapa hamzitaki

Asalaam aleikum wana jukwaa. Nafungua uzi huu na hasira zangu zote, maana nimeyaona ya kutosha na naona kila mtu ananung'unika ndani kwake tu.

Mlioko Unguja mmeliona tangazo: tamasha la vyakula mwisho wa wiki, njoo na familia yako, michezo ya watoto, mapishi ya asili ya visiwani. Waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua, na kusema kweli matamasha ya namna hii siku hizi yanafanana. Nilikwenda na watoto wangu watatu na mama mkwe. Bi mkubwa huyo hatoki ovyo. Alitoka kwa sababu alisikia kutakuwa na mkate wa mofa.

Mlangoni: mkubwa shilingi 15,000, mtoto 10,000, na mtoto maana yake kuanzia miaka mitatu. Sisi watano ni 60,000, hatujala hata kachori moja. Kwenye tangazo walisema kiingilio nafuu, bei hawakuiandika. Na pale langoni ubao umeandikwa kwa dola, shilingi unatajiwa kwa mdomo. Mwaka 2025 zilitoka kanuni za kukataza bei za humu nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni, na hawa wanaziandika wazi pembeni ya barabara! Nilipouliza, kijana wa tiketi akanijibu, "Mama, kama hulipi pisha wenzio." Watoto wameshavaa, wameshauona mlango. Nikalipa.

Sasa saa. Michezo ya watoto waliipanga Jumamosi na Jumapili, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Jamani, mtu aliyelelewa hapa anaweza kupanga hivyo? Asubuhi ya Jumamosi na Jumapili watoto wako chuoni wanasoma Qur-ani. Kila mtaa unalijua hilo, hata muuza ubuyu anajua wateja wake wanatoka saa ngapi. Kulikuwa na awamu ya pili iliyoandikwa saa 10 jioni, ndiyo tuliyoifuata sisi. Saa 10 mafundi bado wanavuta nyaya. Lile jumba la mpira la kurukia lilianza kujazwa upepo magharibi ikiadhiniwa. Sehemu ya wanawake kusali hapana. Mama mkwe akatandika kanga yake nyuma ya jenereta, kelele na moshi vikimjia usoni, akasali hapo. Mtu mzima wa umri ule!

Chakula ndicho kilichoniuma zaidi, kwa sababu ndicho tulichoitiwa. Nilinunua urojo kwa 9,000. Nilisimama nikimtazama yule kijana anavyopakua: kikombe cha karatasi, bajia mbili alizozihesabu kwa koleo, kipande cha kiazi kisichofika nusu, rojo jepesi mpaka unakiona kitako cha kikombe, chatne ya nazi tone moja. Yai hapana, mshikaki hapana, chipsi za muhogo za juu hapana. Nikamwambia mwanangu hii siyo, akaniambia, "Ndiyo ya tamasha hiyo." Mtaani kwetu kwa theluthi ya bei ile unapewa bakuli linalomshibisha mtu mzima, na ukiomba uongezewe rojo unaongezewa bila maneno.

Na ule mofa aliotokea bi mkubwa? Mkate wa unga wa ngano, umetoka kwenye oveni ya gesi, umekatwa vipande vinne na kuwekewa majani ya mnanaa. Mofa ni mtama, na unaokwa kwenye tanuri la udongo, umebandikwa ubavuni. Makunduchi na Jambiani na Wete hawakukosekana watu wa kupika vitu hivi. Hawakuitwa tu. Nilimuuliza jirani yangu anayeuza urojo kwa nini hakuja, akasema alikwenda kuomba nafasi akatajiwa 300,000 kwa meza kwa siku mbili, tena aje na bango la kuchapishwa na sare. Mama anayeuza vitumbua na urojo atalipaje hiyo? Atauza mabakuli mangapi mpaka airudishe? Kwa hiyo meza zikachukuliwa na mahoteli na mikahawa, na wapishi wao wakawa wanatupikia sisi vyakula vyetu kwa kukisia. Halua ya Wete hukuiona. Juisi ya mabungo hukuiona, na mabungo yamejaa shamba. Kulikuwa na soda na vinywaji vya kopo.

Nje ya uzio kulikuwa na mzee mwenye mkokoteni wa miwa na mashine yake ya mkono, muwa, ndimu na tangawizi, kama tunavyokunywa siku zote. Walinzi walimfukuza mbele ya watoto wangu. Kwa ukali kabisa, mmoja akalisukuma ndoo lake la barafu kwa mguu. Huyo mzee ndiye chakula cha asili cha kisiwa hiki, nanyi mnamfukuza mlangoni kwenye tamasha lililoandikwa jina lake.

Nisiseme mengi kuhusu banda la bia. Lilikuwa hatua chache kutoka kwenye meza ya watoto ya kuchora, bila hata pazia. Wageni wana haki ya kunywa vyao, lakini uwanja ule ni mkubwa na upande wa pili ulikuwa mtupu.

Vyoo vilikuwa viwili kwa umati wote, kimoja kimefungwa kwa kufuli, wafanyakazi tu. Foleni ya kile kingine haisogei. Binti yangu mdogo kashaanza kulia. Nikatoka naye, nikaingia kichochoroni, nikapiga hodi nyumba ya watu nisiowajua. Mwenye nyumba akatufungulia, akamshika mtoto mkono akampeleka msalani, akatupa na maji ya kunywa. Mungu ambariki. Kurudi, mlinzi anataka nilipe upya kwa sababu nimetoka nje!

Najua kuna watakaonijibu kwamba waandaaji wana gharama, jukwaa, umeme, vibali. Sawa. Sauti za Busara, iliyoanza mwaka 2004, ina tiketi na sijawahi kulalamika, kwa sababu ni tamasha la muziki, limesema ni la muziki, anayetaka muziki anakwenda. Hawa wametuita sisi, na watoto wetu, na bibi zetu. Wametumia picha za watoto wenye kofia na kanzu kwenye tangazo ili wadhamini waone jamii imo, halafu jamii yenyewe ikifika inachujwa kwa bei, kwa saa na kwa kukosa choo.

Na msituambie haiwezekani. Forodhani unaingia bure kila jioni. Bustani ile ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa mwaka 2009, watoto wanakimbia, vijana wanajirusha baharini, mwenye 2,000 anakula na mwenye laki anakula. (Bei za Forodhani nazo zina maneno yake, hasa ukionekana mgeni, lakini hilo ni uzi mwingine.) Sikukuu za Idi watoto wanajaa Mnazi Mmoja na Kariakoo hapa, na Tibirinzi kule Chake, na mkono wa Idi wao mdogo unatosha pembea na aiskrimu na chenji inabaki. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa mwezi wa Julai unakwenda na familia nzima, unatazama watu wakipigana kwa magomba, na nyumba usiyoijua inakukaribisha chakula kwa sababu mgeni siku hiyo ni baraka. Wenzetu wa Lamu mbio za punda na za majahazi wanazifanya pale pale pwani, kila mtu anaziona. Kushughulika na watu wengi, wakubwa kwa wadogo, tunakujua muda mrefu, hakuna haja ya kufundishwa upya kwa tiketi.

Kama mna nia, bei iandikwe kwenye tangazo lenyewe, kwa shilingi, na mtoto wa chini ya miaka 12 aingie bure. Michezo ya watoto ianze baada ya alasiri na ianze kweli. Tengeni meza za wapishi wa mitaani na wa shamba, bila malipo au walipe baada ya kuuza. Vyoo, maji, na sehemu ya kusali yenye pazia. Na mkokoteni wa muwa uingie ndani.

Nimesikia kuna jengine linaandaliwa kabla ya Ramadhani. Mliokwenda hili, wekeni hapa chini picha za bei na za vile vyoo, na risiti kama mnazo. Wafanyabiashara mliokataliwa meza, andikeni mliambiwa mlipe kiasi gani. Nitazichapa zote nizipeleke ofisi inayotoa kibali kabla halijapitishwa hilo la pili. Mwenye kujua ni ofisi ipi hasa inayosaini, Baraza la Manispaa au watu wa utalii, aniambie leo.