Bei yetu ilikuwa ya chini kuliko wote na bado tumekosa kazi ya usanifu wa barabara kuu. Naombeni ushauri

Nondo16

Wakuu, habari za muda huu.

Tuna kampuni ndogo ya wahandisi washauri, tupo sita. Kwa miaka saba tumesanifu barabara za changarawe, kalvati nyingi (njia za maji chini ya barabara) na madaraja mawili madogo. Safari hii tulijaribu kazi kubwa ya kwanza: upembuzi yakinifu na usanifu wa kina wa barabara kuu, mradi wa serikali wenye mkopo wa Benki ya Dunia. Tuliingia orodha fupi. Tukaandika pendekezo wiki nne, usiku na mchana.

Siku ya kufungua bahasha za fedha nilikwenda mwenyewe. Kwanza walisoma alama za kiufundi: sisi 76, kampuni moja 81, nyingine 88. Wawili hawakufika 75, bahasha zao za fedha zikabaki zimefungwa. Halafu bei zikasomwa. Yetu ndiyo ya chini kuliko zote. Ile yenye 88 ilikuwa juu yetu kwa asilimia 40. Nikampigia mwenzangu simu nikamwambia tumepata.

Juzi imekuja barua: ameshinda mwenye 88.

Mwenzangu mmoja anasema safari ijayo tushushe bei asilimia 10 zaidi. Mwingine anasema kazi hizi zina wenyewe, turudi kwenye kalvati. Mimi nafikiria kuungana na kampuni kubwa. Tangazo jingine la kuonyesha nia, yaani hatua ya kuomba kuingia orodha fupi, limeshatoka, tuna wiki tatu. Wenye uzoefu, mngefanya nini?

Kifusi

Pole sana mkuu. Mimi nimeshaomba mara nne nikakosa. Mtu wa bei ya chini anaachwa, anachukuliwa wa bei ya juu, hapo pana mkono wa mtu. Msipoteze muda.

Mzee wa Kalvati

Kijana, pole kwa kazi. Nimekaa kwenye kamati za tathmini miaka mingi kabla ya kustaafu. Kabla hatujamshika mtu yeyote uchawi, nijibu mambo mawili. Nyaraka za zabuni ziliandika uzito gani kwa ufundi na kwa bei? Na barua uliyopewa ina mchanganuo wa alama?

Nondo16

Shikamoo Mzee. Uzito ni 80 kwa ufundi, 20 kwa bei. Mchanganuo wetu: uzoefu wa kampuni 7 kati ya 10, mbinu na mpango kazi 25 kati ya 30, wataalamu wakuu 44 kati ya 60.

Mzee wa Kalvati

Marahaba. Basi chukua kalamu.

Kwa utaratibu wa ubora na gharama, mwenye bei ya chini anapewa alama 100 za bei. Wengine wanapewa kwa uwiano: bei ya chini kugawanya kwa bei yao, mara 100. Aliyekuzidi kwa asilimia 40 anapata 71.4.

Wewe: 76 mara 0.8 ni 60.8, ongeza 20 za bei, jumla 80.8.
Yeye: 88 mara 0.8 ni 70.4, ongeza 14.3 za bei, jumla 84.7.

Amekushinda kihalali kwa karibu alama 4.

Sasa tupime ushauri wa mwenzako. Mngeshusha asilimia 10, wewe ungebaki na 80.8 ileile, maana alama 100 za bei ulikuwa nazo tayari. Yeye angeshuka hadi 83.3. Bado kakupita. Ili umpite kwa bei peke yake ungelazimika kukata zaidi ya asilimia 27. Hapo ungelipa nini wapimaji na maabara ya udongo?

Geuza upande wa pili. Bei ileile uliyoweka, alama za kiufundi zingekuwa 81 badala ya 76. Jumla yako ingekuwa 84.8. Ungeshinda.

Alama tano za ufundi zilikuwa na nguvu sawa na kukata zaidi ya robo ya bei yenu. Na kati ya 24 mlizopoteza, 16 zimepotea kwenye wataalamu. Msihangaike na bei kabla hamjaangalia hapo.

Nondo16

Mzee, nimerudia hesabu mara tatu. Ni kweli. Nimempelekea mwenzangu, amenyamaza.

Lakini niulize: kwa nini serikali ikubali kulipa asilimia 40 zaidi kwa kazi ileile? Kwa mkandarasi bei ya chini ndiyo inayotazamwa.

Mzee wa Kalvati

Kwa sababu si kazi ileile. Mkandarasi anapewa michoro na orodha ya kazi, kila mmoja anapigia bei kitu kimoja. Wewe unaulizwa ufikirie nini, na kwa undani gani. Anayekata bei anakata kufikiri, na hilo halionekani siku ya kusaini mkataba.

Nitakueleza nililoliona. Barabara moja, mshauri alipatikana kwa bei ya kutupa. Ripoti ya udongo ilionyesha mashimo ya majaribio kila nusu kilomita, vizuri kabisa. Ujenzi ulipoanza tukakuta eneo la bondeni lenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwenye ripoti, mashimo manne ya eneo lile yalikuwa na matokeo yanayofanana hadi desimali ya pili. Hakuna aliyechimba. Mtu alikaa ofisini akanakili. Ikabidi kuondoa udongo kwa kina, kuleta kifusi kutoka mbali, mkataba wa mkandarasi ukapanda na muda ukaongezwa. Kilichookolewa kwenye ada ya mshauri kilimezwa na bonde lile moja.

Ada ya usanifu ni sehemu ndogo sana ya gharama za barabara, lakini ndiyo inayoamua hiyo sehemu kubwa itakwendaje.

Mpima Miinuko

Niongezee hapo kwa Mzee. Mimi nafanya kazi Marekani, kwenye kampuni inayosanifu barabara kuu. Huku kwenye miradi ya barabara yenye fedha za serikali ya shirikisho, usanifu hauruhusiwi hata kushindaniwa kwa bei. Kuna sheria ya 1972, Brooks Act, jina la mbunge Jack Brooks wa Texas. Taasisi inapanga kampuni kwa sifa, angalau tatu za juu, kisha inakaa mezani na ya kwanza tu. Wasipoelewana kwa bei, mazungumzo yanafungwa rasmi, wanakwenda kwa ya pili, na hawarudi tena kwa ya kwanza.

Watu huuliza, sasa huyo wa kwanza si atajipangia bei anavyotaka? Hapana. Taasisi lazima iwe na makadirio yake yenyewe kabla ya mazungumzo: saa ngapi za mhandisi mkuu, ngapi za mchoraji, safari ngapi za eneo la mradi. Gharama zako za uendeshaji zinatakiwa ziwe zimekaguliwa. Na mkataba wa kukulipa asilimia juu ya gharama zozote utakazotumia umepigwa marufuku, maana ungekutia moyo wa kutumia zaidi.

Kitu kingine, kuwa na ofisi karibu na mradi kunaweza kuhesabiwa, lakini vigezo vya namna hiyo visivyo vya sifa za kitaalamu haviruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya jumla.

Kifusi

Nimewasikia, na hesabu ya Mzee siipingi. Ila alama 88 na 76 zimetolewa na watu. Bei inasomwa mbele ya kila mtu, alama za ufundi zinatolewa chumbani. Mnataka tuamini tu?

Mzee wa Kalvati

Hoja yako ni nzito, Kifusi, na mimi mwenyewe nimewahi kugoma kusaini ripoti. Kuna njia za kuzuia: kila mjumbe anatoa alama peke yake kabla ya kikao, zikipishana sana mnajadili na anayebadilisha anaandika sababu. Bahasha ya fedha haiguswi mpaka ripoti ya ufundi imefungwa. Anayetaka kupindisha huanza mapema zaidi, kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na sifa zinazotakiwa. Ukiona kiongozi wa timu anatakiwa awe amefanya aina moja mahsusi ya barabara, ya urefu fulani, ndani ya miaka fulani, na unamjua mtu mmoja tu wa namna hiyo, hapo uliza maswali kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho. Baada ya matokeo umechelewa.

Nondo16, hata wewe una haki ya kuomba maelezo. Kwenye miradi ya Benki ya Dunia, baada ya kutangaza nia ya kutoa mkataba kwa kawaida kuna siku 10 za kazi za kusubiri. Ukiomba ndani ya siku 3 za kazi za mwanzo, taasisi inalazimika kukueleza ulikosea wapi. Barua umeipata juzi, kwa hiyo andika leo. Andika kwa adabu, usilalamike. Omba maelezo ya wataalamu wakuu, mmoja mmoja.

Nondo16

Nimeiandika na kuipeleka kwa mkono, wamegonga mhuri.

*(Imeongezwa baada ya siku sita)* Wakuu, nimerudi kutoka kikaoni. Wametupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Kiongozi wa timu alipata alama nzuri. Walioanguka ni wawili, wa udongo na lami, na wa maji ya mvua. Mwenyekiti alisema, "Wasifu wenu unaeleza miradi, hauelezi mtu." Sikumwelewa vizuri, nikaona aibu kuuliza mara mbili.

Bi Theodolaiti

Kaka, mimi ndiyo kazi yangu, kuandaa mapendekezo. Bandika hapa mstari mmoja wa wasifu wa huyo wa udongo, ondoa majina.

Nondo16

"Usanifu wa barabara ya lami, kilomita 60. Barabara yenye njia mbili, madaraja matatu, kalvati 84. Nafasi: Mhandisi wa Udongo."

Bi Theodolaiti

Umeona? Umemwambia mjumbe wa kamati kalvati ni 84, ambazo huyu bwana hakuzigusa. Hujamwambia alichofanya. Mjumbe ana karatasi yenye vipengele vitatu kwa kila mtaalamu: sifa za jumla, ufaafu kwa kazi hii, na uzoefu wa eneo na lugha. Cha katikati ndicho kizito, na wewe hapo umeacha patupu.

Mpigie simu umuulize: ulichimba mashimo mangapi, ulipendekeza nini kwenye udongo mbovu, machimbo ya kokoto ulipata wapi, matabaka ya lami uliyakokotoa kwa msongamano gani wa malori? Halafu andika hivyo. "Alisimamia uchimbaji wa mashimo ya majaribio, akabaini sehemu yenye udongo unaovimba, akalinganisha njia mbili za kuuimarisha na kupendekeza moja." Mistari mitatu ya namna hiyo inashinda kurasa tano za orodha ya miradi.

Angalia pia tarehe. Mtu akiwa kazini kwa muda wote kwenye miradi miwili miezi ileile, mjumbe anaacha kuamini wasifu mzima. Na usiweke mtu maarufu ambaye hamjazungumza naye. Ukishinda utatakiwa umlete, na kumbadilisha kabla ya mkataba si jambo la kuomba tu ukapewa.

Nondo16

Dada, nimekaa na jamaa wa udongo jana kwa muda wa saa tatu. Ana mambo ambayo hata mimi niliyekuwa naye ofisi moja sikuyajua. Asante sana.

Sasa hili tangazo jipya la kuonyesha nia. Niweke hizi wasifu mpya?

Mzee wa Kalvati

Hapana, hapo usichanganye. Hatua ya kuonyesha nia inapima kampuni, wataalamu hawatathminiwi. Wanatafuta kampuni tano hadi nane za kuweka kwenye orodha fupi, na wanauliza: mmeshafanya kazi inayofanana, mna uwezo wa kuiendesha? Wasifu weka akiba kwa pendekezo.

Hapa sasa ndipo wazo lako la kuungana lina maana, maana zile alama 7 kati ya 10 za uzoefu wa kampuni hazitapanda kwa kuandika vizuri. Ila chagua mapema: mnaingia kwa ubia au wewe ni mshauri msaidizi tu. Kwenye ubia kila mmoja anawajibika kwa mkataba wote, mwenzako akikimbia, deni ni lako. Lakini kazi ikikamilika, uzoefu huo unaandikwa kwa jina lako. Ukiwa msaidizi, hatari ni ndogo na kumbukumbu inabaki kwa mkubwa.

Mpima Miinuko

Kwenye makubaliano ya ubia dai kazi inayotambulika, si "kusaidia kwa ujumla". Omba mifereji na kalvati zote, ndiyo nguvu yenu. Miaka mitatu ijayo utaweza kuandika kwamba mlisanifu mfumo wote wa maji wa barabara kuu.

Kifusi

Nondo16, samahani kwa jibu langu la kwanza. Nimefukua barua zangu nne za kukosa. Zote zina mchanganuo wa alama, sikuwahi kuusoma. Wataalamu: 38, 41, 40, 41 kati ya 60.

Bi Theodolaiti

Kifusi, nitumie wasifu mmoja kwenye ujumbe wa faragha, tuanze na huo.

Nondo16

Taarifa ya mwisho wakuu: tumepata kampuni ya kuingia nayo ubia, mifereji na kalvati ni zetu kwa maandishi. Barua ya kuonyesha nia inakwenda kesho. Mwenzangu aliyetaka tushushe bei ndiye anayewapigia simu wataalamu sasa, mmoja baada ya mwingine, na daftari mkononi.

Swali dogo Mzee: yule wa udongo yuko safarini, naweza kumsainia wasifu wake?

Mzee wa Kalvati

Usithubutu. Mtumie, asaini mwenyewe na aweke tarehe. Bado una muda, pendekezo haliko kesho.