Erioderma pedicellatum: naitambuaje shinani bila kuibandua?

MsituMvua
Wakuu, picha za likeni hii (likeni ni kuvu na viumbe vidogo vinavyoitengenezea chakula, vikiishi pamoja kama kitu kimoja) kutoka Newfoundland na Nova Scotia, Kanada, nazichanganya na za likeni nyingine, Lobaria scrobiculata. Alama ya uhakika ni ipi? Na kwa nini shina moja la mti wa Abies balsamea linayo, la jirani halina?

GomeBichi
Mkuu, anza na ukingo. Ikikauka huwa ya kijivu-kahawia, kingo zinajikunja juu na upande wa chini mweupe unaonekana kama utepe. Ikilowa inageuka bluu-kijivu, kwa hiyo siku ya mvua ndiyo siku ya kuitafuta. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona vinyweleo laini usoni na visahani vidogo vya kahawia-nyekundu vinavyotoa spora, yaani chembe za kuzaliana. Lobaria scrobiculata ina uso wa mabondebonde na ungaunga. Erioderma mollissimum, ndugu yake, nayo ina unga. Ukiona unga, siyo yenyewe.

Scytonema
Kuhusu shina la jirani: likeni hii haina unga wala vipande vya kujisambazia, inategemea spora tu. Spora ni ya kuvu peke yake, lazima ikutane juu ya gome na sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, aina ya Rhizonema (zamani ilidhaniwa ni Scytonema). Inaelekea hukutana nayo ndani ya vifuko vya majani ya Frullania, kimmea chekundu-kahawia kinachotambaa gomeni. Tafuta kwanza Frullania: upande wa kaskazini wa shina, pembeni mwa kinamasi chenye kuvumwani za sfagnamu. Gome la Abies lina asidi tayari. Mvua yenye salfa ikiongezeka, sianobakteria hushindwa. Likeni hii iliwahi kuwepo Sweden, sasa imetoweka huko.

MsituMvua
Shukrani. Basi tukiacha miti yenye likeni na kukata mingine, inatosha?

GomeBichi
Haitoshi hata kidogo. Upepo na jua vitaingia kutoka upande uliokatwa na kuikausha. Tena Abies haiishi sana, lazima miche ikue jirani kuipokea. Newfoundland miche hiyo inaliwa na Alces alces, kulungu wakubwa walioletwa kisiwani 1878 na 1904. Konokono wasio na gamba nao hutafuna likeni yenyewe.

Scytonema
Unapoandika kumbukumbu, taja kipenyo cha shina, kimo na upande ilipo, na uhesabu kando zile changa zisizo na visahani. Kundi la likeni komavu tupu, hata zikiwa nyingi, linaelekea kuisha.