Naomba ushauri: kuutathmini mji wetu wa Wete kabla ya kupanga kuufufua

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mkaazi wa Wete, kisiwani Pemba, na baadhi yetu hapa shehiani tumekusudia kuutathmini mji wetu kabla ya kuandika mpango wowote wa kuufufua, kwa sababu mipango iliyotangulia ilitufikia ikiwa imeshaandikwa, nasi tukaitwa kuipigia makofi tu. Mji huu ulikua kwa karafuu na bandari. Siku hizi abiria wengi wa kutoka Unguja hushukia bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, na msimu wa karafuu ukipita, maduka hupooza.

Nimesoma juu ya njia iliyoanzia jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 1991, ambapo miji miwili inayolingana hubadilishana wageni: watu wa mji mmoja huenda mji wa pili bila ya kujitangaza, wakatembea, wakanunua, wakauliza njia, kisha wakaandika walichokiona. Nimeipenda, ila Pemba ni kisiwa kidogo, na mgeni kutoka Mkoani hatafika mwisho wa soko kabla ya kuulizwa ni mtoto wa nani.

Je, tuwaombe watu wa Makunduchi au Mkokotoni, kule Unguja, badala yake? Na sheha, kiongozi wa shehia yetu, tumuarifu mapema, au baada ya ziara? Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinamama wauzao sokoni, ambao mikutanoni husikiliza tu. Aliyewahi kuwapa nafasi ya kusema wanachokiona hasa, naomba anieleze alifanyaje.