Taa za tyubu kuwa LED: choki ibaki au iondolewe?

Mshonaji, Mafinga

Habari za kazi, ndugu zangu. Nina chumba cha kushonea chenye taa 14 za tyubu za futi nne, wati 36 kila moja, zinazotumia choki ya chuma (kifaa kinachozuia umeme usizidi kwenye tyubu) na stata (kikopo kidogo kinachoiamsha taa). Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku kwetu inapokaza, baadhi yake huwakawaka na kuzima kwa muda kabla ya kutulia, na choki mbili zinaunguruma kiasi cha kusikika hata vyerehani vikiwa kazini. Nimekusudia kuweka tyubu za LED za wati 18 katika maboksi hayohayo. Fundi wa kwanza ameniambia nitoe stata tu na kuchomeka tyubu mpya. Wa pili anasisitiza kwamba choki lazima iondolewe. Nimsikilize yupi?

Fundi umeme, Mwanjelwa

Salama, ndugu. Jibu linategemea tyubu utakayonunua kuliko boksi ulilonalo, kwa hiyo usikate waya wowote kabla ya kusoma mchoro uliomo kwenye pakiti. Tyubu nyingi za siku hizi hupokea umeme upande mmoja: waya wa moto na nyutro huingia kwenye pini mbili zilizoandikwa L na N, na pini za upande wa pili zimeunganishwa ndani kwa ndani. Aina hiyo mara nyingi huuzwa pamoja na stata yake, ambayo kwa kweli ni fyuzi iliyowekwa ndani ya kikopo cha stata. Ukiiweka mahali pa ile ya zamani, umeme unapita kwenye choki, unazunguka hadi upande wa pili na taa inawaka. Ukitoa stata na kuacha tundu wazi, njia imekatika na hutapata mwanga, hivyo fundi wako wa kwanza alikupa nusu ya maelezo.

Mimi hupendelea kuondoa choki, kwa sababu inakula wati bure na ndiyo inayokupigia kelele. Zima meini swichi, hakikisha kwa testa, toa choki, stata na kapasita kama ipo, kisha peleka moto na nyutro moja kwa moja kwenye holda ya upande mmoja. Kagua na holda zenyewe, maana zilizopigwa joto kwa miaka mingi huvunjika mkononi kama biskuti.

Mwalimu, Njombe

Naomba kuongeza jambo lililotukuta. Taa za darasa letu ziliunganishwa moja kwa moja kama fundi anavyoeleza, lakini hakuna aliyeandika chochote kwenye maboksi. Siku moja kijana aliyekuwa akifuta vumbi alirudisha tyubu kichwa chini miguu juu, upande wenye pini zilizounganishwa ukaingia kwenye moto na nyutro, na breka ikaanguka hapo hapo.

Fundi umeme, Mwanjelwa

Mwalimu amegusa penyewe. Hatari ni kubwa zaidi mtu akirudisha tyubu ya zamani kwenye boksi lisilo na choki, kwa kuwa uzi wa chuma uliomo ndani yake utapokea volti 230 bila kizuizi chochote. Andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya kila boksi: LED tu, umeme upande huu.

Mshonaji, Mafinga

Nashukuru sana. Je, wati 18 zitatosha kwa kazi ya sindano?

Fundi umeme, Mwanjelwa

Zitatosha, kwa sababu LED inamwaga karibu mwanga wake wote chini, ilhali tyubu ya zamani inaangaza pande zote na sehemu ya mwanga inapotelea kwenye boksi. Dari yako itakuwa na giza kidogo. Ukihesabu na choki, kila taa ya sasa inakula takriban wati 45, hivyo kwa taa 14 zinazowaka saa kumi kwa siku utaokoa karibu uniti 3.8 za luku. Tyubu za zamani usizivunje, kwani zina zebaki. Zirudishe kwenye maboksi ya karatasi.

Kwa mshonaji, jambo la kuchagua kwa makini ni rangi. Tafuta kelvini 4000, yaani mwanga mweupe wa wastani, na kipimo cha uhalisia wa rangi (CRI) cha 90 au zaidi. Nunua moja kwanza, uifunge juu ya meza ya kukatia, kisha uweke chini yake uzi mweusi na uzi wa bluu iliyokolea. Ukishindwa kuvitofautisha, rudisha tyubu hiyo dukani kabla hujanunua zile 13 zilizobaki.