Mnaita watu "usaili" Arusha kumbe ni asesmenti ya siku nzima, mnatuchukuliaje?

Wakuu salaam. Modi naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za nafasi za kazi, huu ni wa malalamiko na leo nina hasira kwelikweli.

Kuna kampuni moja hapa mjini, jina silitaji maana watu bado wanasubiri majibu, imetuma meseji saa tatu usiku: umechaguliwa kwa usaili, fika kesho saa mbili asubuhi na vyeti halisi. Basi, hakuna kingine. Mtu wa Moshi kapanda kosta ya alfajiri, wa Karatu kalala kwa shangazi yake Ngaramtoni, kila mtu na bahasha yake ya kaki na usiku kucha kakariri "jielezee kwa ufupi" na "kwa nini tukuajiri wewe". Mnafika mnaambiwa simu zote mezani, hii ni asesmenti senta, mtatoka saa kumi na moja jioni. Kuna mama ana mtoto ananyonya, kamwacha kwa jirani Kwa Mrombo akijua saa tano atakuwa kesharudi. Yaani hata hilo la muda tu mlishindwa kuliandika?

Kwa ambao hamjakutana nayo, hii siyo ile ya kukaa mbele ya watu watatu ukajibu maswali. Ni mazoezi mfululizo. Unaanza na mtihani wa hesabu kwenye kompyuta, majedwali, grafu, asilimia, na muda unakimbia juu ya skrini unauona, afu unapewa rundo la imeili za ofisi ya kufikirika, mteja analalamika, bosi anataka ripoti, dereva kakwama porini na wageni, upange kipi kianze na useme kwa nini, afu mjadala wa kikundi, afu prezentesheni, afu mtu anaigiza mteja mwenye hasira umtulize, mwisho kabisa ndo mahojiano. Na muda wote kuna watu wamekaa pembeni na makaratasi wanaandika tu, hawacheki hawanuni.

Kwenye mjadala ndo nilichoka. Chalii mmoja wa Sakina kaishika mada mwanzo mwisho, anakata watu, Kiingereza kinatiririka, sote tukajua huyu kapita. Kumbe wale wa pembeni hawahesabu nani kaongea sana! Kila zoezi lina tabia zake linazopima: unasikiliza? unamwingiza aliyenyamaza? unaangalia muda? ukipewa hoja nzuri unabadilika au unakomaa tu? Hayo yote yana maksi, nimekuja kuyasoma baadaye kwa bando langu. Kuna dada alikuwa anasema "jamani tumsikie na huyu", pengine ndo kaokota maksi kuliko wote na wala hajui.

Ila kilichoniuma zaidi ni jamaa aliyeondoka mchana. Hesabu zilimkataa, akajua ndo basi tena. Na utamlaumu vipi? Sisi tumezoea za Sekretarieti ya Ajira, unafanya mchujo wa kuandika, ukianguka huitwi kwenye mahojiano, habari imeisha. Asesmenti kwa kawaida haiendi hivyo, maksi za mazoezi yote zinakusanywa mwishoni, wasimamizi wanakaa wanajadili mtu mmoja mmoja, aliyeboronga hesabu anaweza kufidia kwenye prezentesheni. Sentensi moja tu asubuhi ingembakiza pale. Kavua tai kaenda zake stendi.

Na msije na ile ya "tunataka kuona mtu akishtukizwa anafanyaje". Huu mtindo haujaanza jana. Jeshi la Uingereza walikuwa wanachagulia maofisa namna hii tangu 1942, AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, wakaanza kuufanyia utafiti kwa mameneja wao 1956, na tangu 1975 kuna mwongozo wa kimataifa wa wanaoendesha haya mambo, na humo mshiriki anatakiwa aelezwe mapema lengo ni nini na matokeo yake yatatumikaje. Nyie mmeiga mazoezi, adabu mkaiacha hukohuko.

Sasa hapo mnapima nini? Mnapima nani ana binamu aliyewahi kufanya. Mle ndani kulikuwa na watu wachache wamekuja na saa za mkononi, wanajua simu zinakusanywa na kila kitu kina dakika zake. Siyo kwamba wana akili kutuzidi, mtu aliwadokeza.

Na matapeli washanusa. Kuna grupu la WhatsApp linauza "siri za asesmenti" elfu thelathini, mshkaji kalipa, kaletewa PDF zilizokopiwa huko Uingereza, maswali ya tiketi za treni kwa pauni, na ushauri eti "mpigie afisa ajira umuulize ratiba ya siku". Aisee! Ile namba iliyotutumia meseji haipatikani, na ukienda ofisini dada wa mapokezi anakwambia mtajulishwa.

Kwahiyo tumeamua kujinoa wenyewe, tunakutana Kijenge sebuleni kwa mtu. Hesabu tunatunga za hapahapa, bei ya loji kwa dola, ongeza VAT asilimia 18, toa kamisheni ya wakala, wageni wa Aprili wamepungua kwa asilimia ngapi kulinganisha na Agosti, na saa inakimbia. Kwenye mjadala mmoja anakaa pembeni hasemi kitu, anaandika nani kamkata nani, akisoma mwishoni watu wananuniana kweli (kuna mmoja hajarudi mpaka leo). Inasaidia sana tu, lakini watu wa Same na Babati wasio na grupu kama hili wafanyeje?

Tunachotaka ni meseji ndefu kidogo jamani. Mazoezi ya aina gani, lugha gani, tunatoka saa ngapi, kikokotoo kinaruhusiwa au hapana, na aliyekosa aambiwe kakosa wapi.

Wa "jiajirini" pitieni uzi mwingine. Namtafuta mtu aliyewahi kukaa upande ule wa makaratasi: zile imeili mtu akijibu kwa Kiswahili anapata maksi au lazima Kiingereza? Hapa tumebishana mpaka basi na Alhamisi kuna wenzetu wameitwa kampuni nyingine.