Wamehamisha folda zetu kwenda seva mpya, kazi za watu zimefutika na hakuna anayewajibika

Wakuu salaam,

Nimevumilia vya kutosha. Mimi ni afisa TEHAMA wa ofisi ya mkoa, kwenye taasisi ambayo sitaitaja. Makao makuu walimleta mzabuni kuhamisha folda binafsi za watumishi, ile draivu H: ambayo kila mtu akiingia kwenye kompyuta anaikuta, kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Kuhama kwenyewe sipingi. Seva ya zamani ni Windows Server 2012 R2, na Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2023, kwa hiyo kuendelea nayo ilikuwa hatari. Ninachopinga ni kazi ya bora liende kwenye jasho la watu, tena wiki ya mwisho ya Juni, wahasibu wanafunga hesabu za mwaka!

Ijumaa walitumia Robocopy, programu ya Windows ya kunakili faili. Programu hiyo ni nzuri sana, ila usipoiagiza ibebe na ruhusa za faili, inabeba faili lenyewe, sifa zake na tarehe basi. Faili likifika linarithi ruhusa za folda kuu ya huko lilikofikia, na folda kuu ya seva mpya ilikuwa imeachwa wazi kwa kila mwenye akaunti. Jumatatu asubuhi kijana aliyeko kwetu kwa mafunzo ya vitendo akanifuata: "Kaka, hizi folda zote ni za kufungua tu?" Nikaenda kwenye kompyuta yake. Majina ya watumishi wote yamejipanga pale, unabonyeza la afisa utumishi, linafunguka: barua za nidhamu, fomu za matibabu, maombi ya mikopo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Napiga simu makao makuu, najibiwa "tulia, tutarekebisha taratibu". Nitulieje na siri za watu ziko nje?

Hilo bado si baya kuliko yote. Jumatatu hiyo hiyo watu walianza kulalamika kuna faili hawazioni. Mzabuni, badala ya kuuliza ni zipi, usiku akarudia kunakili kutoka seva ya zamani kwenda mpya kwa kutumia agizo la Robocopy linaloitwa /MIR. Mnaoijua mmeshashika kichwa. /MIR inaifanya folda ya mapokezi ifanane kabisa na ya chanzo: kilichopo kwenye mapokezi na hakipo kwenye chanzo kinafutwa. Na kwa kuwa hakuweka /XO, agizo linalozuia nakala ya zamani isifunike iliyo mpya, hata faili zilizofanyiwa kazi Jumatatu zilifunikwa na nakala za wiki iliyopita. Havikwenda kwenye kapu la taka, vimefutwa moja kwa moja. Bakapu ya seva mpya ilikuwa haijawashwa, na zile nakala za awali ambazo Windows huzihifadhi pembeni nazo hazikuwa zimewekwa.

Jumanne asubuhi mama mmoja wa uhasibu akafungua jedwali lake la usuluhishi wa benki, akakuta mistari yote aliyoijaza jana yake haipo. Hakupiga kelele. Alikaa anashuka chini ya jedwali, anapanda juu, anashuka tena, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi hii kazi niliimaliza jana." Mtu alibaki ofisini mpaka giza. Nilikosa la kumwambia, maana kosa si lake, na mimi hata ruhusa ya kuingia kwenye hiyo seva sina.

Zile faili zilizokosekana mwanzoni zilikuwa na sababu ya wazi kabisa. Watu waliacha Outlook na Excel zimefunguliwa, na faili lililoshikwa na programu mara nyingi halinakiliki. Robocopy ikimaliza inaandika muhtasari, na mle kuna safu inaitwa FAILED, idadi ya vilivyoshindikana kunakiliwa. Nilipoomba kumbukumbu za ile kazi ya Ijumaa nikaletewa, safu hiyo haikuwa sifuri. Hakuna aliyeisoma! Na ripoti ya mzabuni inasema kazi imekamilika kwa asilimia 100.

Kazi hii ina utaratibu wake na si siri. Unanakili mapema pamoja na ruhusa zake, watu wakiwa wanaendelea na kazi. Unarudia kuchukua mabadiliko tu. Siku ya kuhama unawatangazia watu, unafunga uandishi kwenye seva ya zamani, unanakili mara ya mwisho, unasoma FAILED, ndipo unabadilisha njia ya folda kwenye Active Directory, mfumo unaotunza akaunti za watumishi. Baada ya hapo hurudishi kitu kutoka kule kwa /MIR, hata uwe na haraka kiasi gani. Kabla ya yote ungeweka DFS, huduma ya Windows inayoficha jina la seva, watu watumie jina moja lisilobadilika, wala viungo vya Excel vilivyoandikwa jina la seva ya zamani visingekatika kama vilivyokatika sasa. Na maafisa walioko wilayani na laptopu, kazi waliyofanya bila mtandao imebaki kwenye hifadhi ya ndani ya mashine ikisubiri seva ambayo haitumiki tena. Wao hawakuambiwa chochote.

Sasa makao makuu wanasema tatizo ni la mzabuni, mzabuni anasema watumishi hawakufunga programu zao, na nimepata taarifa kwamba diski za seva ya zamani zinafutwa Ijumaa hii zipangiwe kazi nyingine. Nimeandika barua kupinga. Diski hizo zisiguswe mpaka kila mtumishi afungue folda yake, akague, na aweke saini kwamba vitu vyake vipo. Folda zifungwe leo, si taratibu. Na watu walioonwa siri zao waambiwe kwa maandishi.

Mliowahi kurejesha faili zilizofutwa na /MIR kwenye diski za NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, nishaurini haraka. Nimeomba seva mpya isiandikwe kitu kipya, lakini watu bado wanaitumia hadi sasa hivi ninapoandika.