Mto Colorado ni wa umma, kwa nini majira ya joto ni ya makampuni?

Wakuu, hili limenichosha na nalisema. Kwa sisi tulio huku Marekani tunaopenda mito, hakuna safari kama kushuka Colorado ndani ya Grand Canyon, korongo kuu la Arizona: zaidi ya kilomita 360 kutoka Lees Ferry hadi Diamond Creek, wiki mbili na ushee porini. Mkitaka kwenda wenyewe, na boti zenu za mpira na makasia yenu, lazima mwingie droo, yaani bahati nasibu ya vibali ya hifadhi ya taifa. Ile kubwa huchezeshwa Februari kwa tarehe za mwaka unaofuata. Ada ya kuomba ni dola 25, na ukikosa ndiyo imeliwa.

Mwenye fedha hana habari na droo. Anapigia kampuni inayoshusha watalii mtoni, analipa maelfu ya dola, kiti kimepatikana. Mto ule ule, mwezi ule ule!

Utetezi wa hifadhi naujua. Mpango wao wa 2006 uligawa mto karibu nusu kwa nusu, ukihesabu kila mtu kwa kila siku anayokaa mtoni: makampuni 115,500 kwa mwaka, sisi karibu 113,000. Lakini tazameni zinaangukia lini. Makampuni yanafanya kazi Aprili hadi Oktoba. Novemba hadi Machi, jua likiwa halifiki vizuri chini korongoni, hapo mto wanatuachia. Na majira ya joto kundi la kampuni linaruhusiwa hadi watu 32 pamoja na waongozaji, letu mwisho 16. Nusu gani hiyo?

Masharti ya kulinda korongo siyapingi hata moja. Kinyesi chote mnabeba kwenye makopo mpaka mwisho wa safari, haja ndogo mtoni, moto ndani ya sinia la chuma, jivu mnaondoka nalo. Safi kabisa. Mtu mmoja safari moja kwa mwaka, sawa pia.

Kinachonitia hasira zaidi ni suala la mbadala. Kibali kina jina la mtu mmoja, na huyo lazima awe safarini. Akivunjika mguu wiki moja kabla, na hamkuandika majina ya wanaoweza kumrithi siku ile ya kuomba, safari imekufa. Watu kumi na watano wamechukua likizo, wamekodi boti, wamenunua chakula, wote wanabaki nyumbani kwa sababu ya fomu iliyojazwa mwaka mmoja kabla!

Hifadhi wanasema ni kuzuia watu wasiuziane vibali. Lakini pale Lees Ferry askari wa hifadhi anakagua kitambulisho cha kila mtu kabla boti hazijaondoka. Basi kundi liruhusiwe kuchagua kiongozi mwingine kati ya wale wale waliokwisha kusajiliwa, mwenye uzoefu wa maji makali. Na tarehe za Juni na Julai zigawanywe upya. Makampuni nayo yaonje Januari.